Shujaa Anayepaa na Shimo la Macalder

Akinyi mjukuu wangu,

Nyanya yako anakusalimu, na magoti yake yanalalamika kuliko yeye. Kitabu chako cha picha nimekisoma chote bila kuogopa. Uongo! Nilifika pale ulipochora kambi walikouawa Wayahudi, nikakifunika kwa sufuria.

Unaniuliza kama shujaa wako anayepaa, huyo anayevaa chupi juu ya suruali, awatoe wote kambini wakiwa hai.

Nikiwa kijana tulichimba dhahabu huko Macalder, na shimo likamfukia rafiki yangu Ouma. Tulimsikia akigonga jiwe chini. Tulichimba, naye akagonga, kisha akanyamaza. Hatukumpata. Kwa desturi yetu, wazee wakazika tunda refu la mti wa yago kaburini badala ya mwili wake.

Baadaye jirani alitaka kumfariji mama yake Ouma. "Min Ouma, nyamaza. Kijana wako ameonekana Musoma, tena amenenepa!"

Mama akamuuliza, "Kama Ouma yuko Musoma, ni nani alikuwa anagonga?"

Hata leo jembe langu likigonga jiwe shambani, nalitupa na kukimbia, nyanya yako akinicheka.

Mimi kuchora sijui. Lakini shujaa wako akiwatoa wote, naogopa mtoto atakayesoma ataamini hakuna aliyegonga.

Ukinichora mimi unaweza kudanganya, maana bado niko hai. Krismasi nilikaa mbele yako kwenye jua bila kutikisika ili unichore, ukaahidi kunipa meno yote. Nayangoja.

Babu yako