Majani Niliyoyaanika Kama Ndagala

Kalemie, ng'ambo ya Lukuga
Tarehe 19 Machi 2024

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Dorothée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wanaokaa uani, katika lupango letu kule Baraka. Goti lako linaendeleaje? Bénit, anayekuletea barua hii, aliniambia sasa unapanda mpaka kanisani bila fimbo, nikashukuru sana. Mvua imewafikia? Muhogo umeshika? Mimi mwili ni mzima, ni mgongo tu, na macho yananiwasha. Moyo ndio hauko vizuri.

Nakuandikia juu ya harusi ya binti yangu Joëlle. Sikupiga simu kwa sababu simu yako mnaisikiliza nyumba nzima. Soma peke yako, halafu uchome.

Yaya, niliwaambia nafanya kazi ya tumbako. Si tumbako. Ni bangi. Papa Edouard, mwenye nyumba ninapolala, ameipanda uani, katikati ya mahindi. Mimi na Mama Tina, mjane wa hapa jirani, ndio tunaikata, tunapunguza majani kwa makasi na kuikausha. Nilikuja kuvua, unajua. Kila mtumbwi ulikuwa na watu wake, nikakaa miezi mitatu bila kazi. Sasa kila pikipiki ikisimama mbele ya mlango, natupa gunia juu ya kazi, nikidhani ni polisi.

Kazi yenyewe ni ya kukaa. Unakaa na makasi tangu asubuhi mpaka vidole vinashikana kwa utomvu mweusi. Sabuni haiutoi. Mama Tina alinifundisha kupaka mafuta ya mawese na kusugua kwa majivu. Kanisani nakaa benchi la nyuma kabisa, maana harufu hainiachi.

Sasa sikia kosa langu. Papa Edouard aliagiza matawi yaning'inie kivulini, vichwa chini, siku kumi au zaidi, mpaka kijiti kivunjike kwa sauti. Kisha yeye akasafiri kwenda Manono kuzika. Nikahesabu siku hizo, na nyingine za kukaa katika bidon, nikaona zitanikosesha mashua ya kwenda harusini. Nikafanya kama tunavyofanya kwetu na samaki wale wadogo, ndagala: nikatandika nyavu juu ya bati la jikoni, nikaanika juani siku mbili. Jioni ya pili jani likalia mkononi kama ndagala iliyokauka. Nikafurahi. Nikajaza bidon tano za plastiki, nikakaza vifuniko.

Lakini ndagala ni kitu chembamba, jua likiipiga imekwisha. Bangi hii ilikauka ngozi tu, ndani kijiti kilibaki na maji. Tena bidon hufunguliwa kila asubuhi ipate kupumua. Mimi nilizisukuma chini ya kitanda na kuziacha hivyo, nikiogopa harufu isifike njiani. Papa Edouard aliporudi baada ya siku tisa, tukafungua. Ilitoka harufu ya mkojo wa mbuzi. Ukungu mweupe, bidon zote tano.

Hakunipiga. Alikaa juu ya kinu akaniuliza:

"We mutu wa Baraka, ulikuwa unataka kuikausha ao kuikaanga?"

"Unisamehe, Papa. Nilikuwa na haraka ya ndoa ya mutoto."

"Haraka! Basi ukule nayo bugali."

Mama Tina alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaona uso wangu, akaanza kubeba bidon.

Yote tumeyatupa katika shimo la choo, na nauli yangu humo humo. Matawi mengine yananing'inia juu ya kichwa changu ninapoandika. Papa Edouard amesema nitaondoka yakishakauka na kukaa vizuri katika bidon. Siwezi kukataa, nimemharibia msimu. Hayatakuwa tayari kabla ya katikati ya Aprili, na harusi ni Jumamosi ile baada ya Pasaka.

Kwa hiyo sitafika, Yaya. Tangu mama yake afe, wewe ndiye uliyemlea. Mimi nilibakiwa na jambo moja tu, kumshika mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka mbele. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshaanza kuisugua mikono hii kila siku, ili siku hiyo iwe safi. Mdogo wetu Salomon amshike badala yangu.

Joëlle atafikiri mengine. Mwaka jana aliniuliza kwenye simu, "Papa, uko na bibi mwingine kule?" Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mwambie yote, hata habari ya ndagala. Anione mjinga. Asifikiri tu kwamba sikutaka kuja.

Nisalimie Salomon na watoto wake, Mama Emmanuella wa kwaya, na mkwe wangu Exaucé, ambaye nitamwona kwanza kwenye picha.

Bénit atakuletea pia mfuko. Ni viatu vyeusi nilivyonunua Desemba kwa ajili ya siku ile. Miguu ya Salomon ni sawa na yangu, avivae. Vimelala chumba kimoja na kazi yangu, kwa hiyo vina harufu. Usivianike juani hata kidogo. Viweke kivulini, penye upepo, uvipe siku zake. Muda upo.

Mungu awafunike nyote, na amtangulie Joëlle pale mlangoni.

Ni mimi mdogo wako, ninayewapenda nikiwa mbali,
Cyprien