Munyu ya Mukono Yako

Mama Chola, muke wangu,

Hii barua naandika mi mwenyewe, usifikiri nimetafuta karani. Herufi zinapinda sawa njia ya Mununga, lakini zinafika.

Nimepata karatasi! Ile dipulome ya upishi, niko nayo mukononi. Miaka yote nilipikia bazungu katika mashua za ziwa Mweru, hakuna mwenye kunishinda, na weye kila siku: "Baba Chola, mikono unayo, karatasi hauna. Nenda masomo, acha kujisifu." Basi nilikuzika, nikavuka muto Luapula, nikaingia masomo ya bapishi huku Elizabetivili, mi na mvi zangu katikati ya bijana. Baliniita shikulu, ni kusema babu. "Shikulu, hii ni soso ya kumwangia samaki, si dawa ya tumbo!" Bakacheka. Leo bananiuliza mi namna ya kukata kitunguu.

Kujisifu sijaacha. Unisamehe.

Lakini kulikuwa shida moja, unaijua. Bakaka yako habajakuja kunitoa kifo chako, kunisafisha sawa desturi yetu. Na mufiwa mwenye hajatolewa kifo asitie munyu katika chungu ya batu, balaji bataugua kifua. Mwalimu wetu Madame, Mubeleji mwenye miwani, alipiga meza: "Mupishi anaogopa munyu! Si uko mukristu?" Nikamujibu, "Niko, Madame. Mukristu wa kichwa mugumu." Tangu ile siku jirani yangu wa jiko, Kabwe, njo alinitilia munyu, mi nageuza uso.

Siku ya mutihani, samaki na soso nyeupe, kila mutu peke yake na jiko yake. Kabwe hana ruhusa kusogea. Niliona dipulome inaondoka sawa mutumbwi bila kamba. Munyu iko mbele yangu, kijiko moja tu, nani angejua?

Mi ningejua. Na weye.

Njo nikakumbuka mufuko wangu. Makayabo yako ya mwisho, ile samaki ulitia munyu na mukono yako, ukaianika pa muchanga wa kwetu Nchelenge kabla ya ugonjwa yako. Sikuwa nakula. Nilikuwa nainusa tu, Mama Chola, siku mbaya. Nikakata kipande, nikachemusha, ile maji nikaimwanga ndani ya soso, polepole.

Madame akaonja. Akauliza, "Nani alitia munyu?"

"Muke wangu."

"Na muke wako iko wapi?"

"Nchelenge, Madame. Chini ya udongo."

Akatoa miwani. Alafu akachota tena, kijiko kimejaa.

Nilitoka wa tatu. Wa kwanza na wa pili soso yao ilikuwa maji tu, hata Kabwe anasema, na Kabwe njo wa pili.

Sasa nangoja bakaka yako. Hoteli moja inaniita. Nilibaambia bangoje pia. Siku batanitoa kifo, nitapikia bakaka yako mbele ya batu bote, na munyu nitatia na mukono yangu, na hakuna mutu atakohoa. Nakuahidi.

Makayabo ilibaki mukia. Hiyo sitapika.

Lala muzuri, Mama Chola. Karatasi yetu nimeitundika pa ukuta, upande yako ya kitanda.

Mi bwana yako, Baba Chola, mupishi.