Trei Mbili, Namba Moja

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Sisi wazima. Mama anakusalimu, anasema kikohozi kimepungua. Usimsadiki, juzi alikohoa mpaka jirani akagonga ukuta.

Nina jambo la kazini. Jana nilimkabidhi dereva wa lori miwani ya bibi mmoja. Akavaa, akatazama nje, akaniuliza, "Dada, barabara imepinda au ni mimi?" Tukacheka. Leo ilikuwa zamu ya mwalimu, naye hakucheka. Makosa haya yameanza tangu karakana ianze kutumia programu yako. Mzee, mwenye karakana, anasema kuna mtu anamharibia kazi makusudi, na anayekabidhi miwani ni mimi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nijieleze au niondoke. Hizo namba tunazobandika kwenye trei za miwani, zinaweza kujirudia?

Dada yako

6 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu inanisumbua.

Haziwezi. Oda ikiingia, kompyuta yenyewe huipa namba ya pekee. Sikuibuni mimi, ndivyo lugha ya programu ilivyotengenezwa. Kompyuta haina kinyongo na mtu, kwa hiyo tazama mikono. Nani anachapisha lebo?

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na baridi.

Lebo anachapisha mume wa binti wa Mzee. Tunamwita Mkwe, na mwenyewe anaitika. Hapendi mtu asimame nyuma yake akiwa kwenye kompyuta. Sikuwahi kulijali hilo, ila tangu barua yako namtazama. Akipiga mluzi nahisi jambo, akinyamaza nahisi zaidi.

Leo nimekuta trei mbili rafuni, fremu tofauti, namba moja mpaka tarakimu ya mwisho. Nikamwonyesha. Akasema, "Muulize fundi wenu wa ukoo," yaani wewe. Nikaona anakwepa. Nifanyeje?

Dada yako

12 Machi

Dada,

Shikamoo. Mpeleke Mama hospitali, aache ubishi.

Trei mbili kuwa na namba moja maana yake lebo imechapishwa mara mbili, na lebo haijichapishi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwambie Mzee kabla Mkwe hajakuwahi na kumwambia lake.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama bado anabishana na mimi kuhusu hospitali.

Nimemwambia Mzee. Hakupaza sauti. Mkwe alivua aproni, akaikunja vizuri, akaniuliza mbele ya wote, "Umeniona kwa macho, au umeambiwa?" Akaondoka. Mkewe hapokei salamu yangu tena. Mimi nimebaki na kazi yangu, na lebo sasa nachapisha mimi.

Jana nimekuta tena trei mbili, namba moja. Lebo zote mbili nimezichapisha mwenyewe, kila moja mara moja tu. Sijamwambia mtu. Nijibu haraka.

Dada yako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Nilidhani unaumwa. Nikamuuliza Mama, akasema mmeongea kwa simu na sauti yako ni nzima kabisa.

Tangu Jumatatu hakuna miwani iliyokosewa. Na namba zimebadilika. Zilikuwa ndefu kama mkia wa ng'ombe, sasa ni fupi na zinafuatana. Mzee amefurahi. Anasema, "Mnaona? Mchawi ameondoka." Umegusa programu ukiwa huko huko?

Dada yako

5 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeigusa.

Namba niliyoitumia huonyesha mahali kitu kilipokaa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ni sawa na kumtambua mpangaji kwa namba ya chumba. Oda ikipelekwa kwa fundi wa kusaga lenzi, programu huiondoa kwenye kumbukumbu ili isijae. Chumba kikibaki wazi anaingia mpangaji mwingine, na mlango una namba ile ile. Maelezo ya lugha ya programu yanasema namba ni ya pekee wakati kitu kingali hai. Nilisoma nikaishia kwenye "pekee".

Sasa kila oda inapata namba inayofuata, na iliyokwisha kutumika hairudi. Yamekwisha. Mzee ana karakana nyingine na anataka niwawekee programu hii. Tusimwambie. Mkwe ni mtu wa maneno, hatakosa pa kushika. Na wewe kazi yako ipo. Nakuomba, dada yangu.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amekubali hospitali, amepewa dawa, analala vizuri.

Nilianza kwa Mkwe. Alifungua mlango, hakusema karibu. Nikamwambia sikuona kwa macho, niliambiwa. Akasema, "Mimi nalijua hilo. Kamwambie baba mkwe." Nikaenda. Nikamweleza Mzee habari ya vyumba na wapangaji mpaka akaelewa. Akauliza, "Ndugu yako amejua lini?" Nikasema sijui. "Na wewe umeanza kushuku lini?" Nikamwambia, siku nilipoona lebo zangu mwenyewe. Akasema, "Ukanyamaza." Kweli, nilinyamaza.

Mkwe amerudi. Mzee hakunifukuza, amempa Mkwe kaunta yangu ya kukabidhi miwani, na lebo pia, na mimi sikuona pa kusimama. Nimechukua mkoba wangu. Karakana zile nyingine zitatafuta mtu mwingine wa programu.

Nasikia umemuuliza Mama kama nimekasirika. Sijakasirika. Lakini ukiwa na neno, mwambie yeye. Mama bado anakuamini.

Dada yako