Kabari Iliyonasa Kwenye Mlingoti

Kamwene shemeji yangu,

Juzi nimepasua gogo zima la mti wa mlingoti peke yangu, kabla hata ya chai. Usicheke. Haya, cheka: niligonga kabari ikazama nusu, ikanasa, nikakaa juu ya gogo nahema kama mbwa. Bado imo humohumo. Nimechoka, shemeji.

Mjukuu wangu anasema shuleni wamefundishwa kwamba kabari ni mashine rahisi. Rahisi kwa nani? Mimi niliishia darasa la nne, lakini najua kile kichuma kinavyokula bega.

Unakumbuka tulivyokuwa tunapasua mbao? Wewe juu ya gogo, mimi chini shimoni nameza unga wa mbao, eti kwa sababu umeoa dada yangu basi umepata cheo. Kazi yako ilikuwa kugongea kabari nyuma ya msumeno, mti usiubane. Siku moja ukasikia kuna pombe mpya ya ulanzi kilabuni kwa jirani, ukaichomoa kabari wakati msumeno bado uko ndani. Mti ukafumba kabisa, nikakupigia kelele kutoka shimoni:

"We shemeji, umebana huu!"

"Basi ongea nao, si wewe ndiye msomi?"

Tukauacha msumeno mlemle, tukaenda kunywa. Dada, Mungu ampumzishe, alikuja kututoa kilabuni kwa mwiko, wewe ukikimbia mbele yangu na kata mkononi.

Tangu tumzike, wanao wakakuchukua kukupeleka Soweto, huko Mbeya, sina hata mtu wa kumtukana asubuhi. Nasikia mnapikia gesi. Sasa binti yangu Neema, jirani yako huko, naye kaapa: nikishindwa kujipasulia kuni, anakuja kunichukua na nyumba inafungwa. Wiki ijayo anafika kukagua. Shemeji, sitaki kumalizikia kwenye kochi la mtu, natazama televisheni na soksi miguuni. Nataka kubaki hapa karibu na kaburi la mke wangu, hata kama moto wenyewe ni wa kuokoteza vijiti.

Wewe Neema anakusikiliza. Na ulipokuja kuposa, nani aliwaambia wazee kwamba hunywi? Niliapa mbele ya baba yangu mzazi, nawe unanuka ulanzi mpaka kwenye kofia. Fadhila hiyo hujailipa. Mwambie mtoto aniache walau baridi hii ipite. Akikuuliza kama bado nina nguvu, wewe kohoa, halafu muulize habari za kazini.

Ni mimi,
kaka wa marehemu mkeo