Kwa Nini Nilimwita Olavi

Baba, shikamoo. Mayu, mama yangu, shikamoo, goti limepoa au bado unainuka kwa kushika ukuta? Sisi huku Geita wazima, ila mvua imezidi. Kaka Mabula, msomee Baba polepole, usiruke.

Baba, juzi kwenye simu ulifoka. Unanijua, kwa mdomo nashindwa, ndiyo maana naandika. Ulisema, "Babu yako Masanja hajapata wa kubeba jina lake, wewe unaokota la mzungu!" Kweli nilikosea, nilitoa jina kabla sijakuuliza.

Ilikuwa hivi. Mke wangu Neema alishikwa na uchungu mchana, mimi niko karashani nasaga mawe ya dhahabu. Bodaboda wote wakakataa, tope. Mzee Olavi, mzungu wa Norwe anayetuchimbia visima vya maji, akaacha mashine yake akampakia kwenye gari. Kufika tu zahanati, mtoto huyo, hata shuka halijatandikwa. Nilipofika mbio kutoka karashani nikamkuta mzee bado yupo mlangoni, nikajikuta nasema, "Mzee, huyu ni Olavi."

Baada ya simu yako nikamfuata. Nilikaa tu pale kisimani mpaka akaniuliza, "Kijana, una shida?" Nikamuuliza jina lake maana yake nini. Akasema ni la zamani sana, kwao walikuwa hawajajua hata kanisa. Maana yake ni yule aliyeachwa na mababu, abaki badala yao. Na yeye alirithi la babu yake.

Nikamwambia, "Hata kwetu ni hivyo."

Akafuta oili mikononi muda mrefu. "Mwanangu hakumpa mwanawe jina hili," akasema. "Eti la kizee."

Sasa mtoto analia sana. Jirani yetu Mama Kulwa akasema kuna babu anadai jina, tumwite. Tukaita Masanja, akalia. Tukaita Olavi, akazidisha. Neema akampa ziwa, akanyamaza.

Kadi ya kliniki bado imeandikwa Mtoto wa Neema. Naomba uje umwite Masanja kwa mdomo wako, umtemee mate ya baraka kama ulivyotufanyia sisi. Nyumbani atakuwa huyo, sibishi. Ila kwenye kadi nitaandikisha Olavi. Yule mzee hakuniomba, nilimpa mwenyewe. Nikimnyang'anya nitapita wapi pale kisimani?

Nisalimie shangazi anayeuza dengu, na shemeji, mke wa kaka. Kama bado una hasira, Baba, njoo nazo, ila ukasirike ukiwa umempakata.

Mimi mtoto wako,
Shija