Miaka Tisa ya Mashuka Haimo Kwenye Wasifu

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize maana hasira nilizo nazo sijui nianze kumtolea nani. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya vitanda mia mbili, mpaka kazi ile wakapewa watu wa nje na sisi tukaambiwa twende nyumbani, na huu ni mwezi wa saba nahangaika, ndipo likatoka tangazo hoteli inatafuta msimamizi wa chumba cha kufulia, nikamwendea wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anachapa barua kwenye duka la kutoa nakala na anajiona profesa, anitengenezee wasifu, naye akaniambia kufua nguo za wagonjwa si kitu cha kuandika, nitaiaibisha familia, akanibandika "mtaalamu wa utawala mwenye ari ya kufanya kazi chini ya shinikizo", kurasa nne nzima, na picha yangu nimevaa koti lake, na eti napenda kusoma, kusafiri na kuogelea, mimi ambaye maji yakifika magotini natafuta pa kushika.

Siku ya usaili tuliitwa watatu pamoja, bosi wa hoteli akapanga karatasi zetu mezani akasema, "Naona nyote mnapenda kuogelea," akasoma mistari ya juu kwa sauti na yote ilikuwa ile ile, kumbe wenzangu nao walipita kwa wifi, halafu akauliza, "Kuna yeyote hapa anayejua kutoa damu kwenye shuka jeupe?" na mimi najua, mshauri, najua kama ninavyojua jina langu, lakini karatasi inasema mimi ni mtaalamu wa utawala, nikaogopa ataniuliza nimejulia wapi, nikanyamaza, mwenzangu mmoja akajibu maji ya moto na sabuni nyingi, bosi akafumba macho. Hakuchukuliwa mtu. Tangazo limerudi, mwisho Ijumaa, na mwanangu mkubwa ameshaacha kuniuliza kama nimepata kazi. Je, nimshtaki wifi kwa kaka, au nimtumie mjomba, anayefahamiana na mlinzi wa pale hotelini, anipenyeze?

Mtaalamu wa Utawala Asiye na Kazi

Jibu la mshauri

Bibie mtaalamu, pole kwa hiyo miezi saba, na hiyo nakupa kwa moyo. Pole ya siku ya usaili sikupi. Uliitafuta mwenyewe.

Wifi yako mimi nisingempa hata bahasha aniandikie anwani. Lakini nani alizisoma kurasa nne, akajiona anaogelea, akatia sahihi? Uliyaona ukayapenda. Kwa siku mbili tatu ulijisikia mtu wa ofisini na mashuka ukayaonea haya. Kisha ukaenda kuomba kazi gani? Ya mashuka. Hebu nieleweshe taratibu, maana mimi nimeshindwa.

Mlinzi mwache alinde geti lake. Akupenyeze ndani ukafanye nini, ukanyamaze tena?

Leo, kabla hujagombana na mtu, chukua karatasi moja. Nimesema moja. Picha toa, na koti la watu urudishe. Dini yako, kimo chako na shule ya msingi uliyosoma havijawahi kufua hata foronya. Juu weka jina na namba ya simu unayoipokea. Chini yake andika miaka tisa, hospitali, vitanda mia mbili, kisha useme ulifanya nini hasa: mashuka mangapi kwa siku, mashine zipi uliziendesha, nani ulimfundisha kazi, na siku mashine zilipogoma mlifanyaje wodi zisikose mashuka. Idadi kama huikumbuki, mpigie aliyekuwa msimamizi wako, na hapo hapo umwombe awe mdhamini wako, maana nahisi wifi alimwandika kaka yako. Ari na shinikizo viache dukani, wateja wengine watavihitaji. Ukimaliza, mpe mtu akusomee makosa, na asiwe wa familia yenu yenye aibu za ajabu.

Peleka Alhamisi, usingoje Ijumaa watu wanafunga ofisi. Peleka mwenyewe. Bosi asipokukumbuka, mwambie wewe ni mmoja wa wale waogeleaji, yule aliyekaa kimya. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza, mwambie ukweli, kwamba uliona haya kusema umefua hospitali.

Kisha mjibu swali lake. Mimi nimefulia maji ya moto maisha yangu yote na mashuka yangu yana madoa mpaka leo. Barua yako nimeirudia mara mbili nikilitafuta hilo jibu, na hata humu umelificha.