Twiga Kando ya Jiko

Lucky Summer,
Nairobi.
12 Mei 1996

Mpendwa Shangazi Mwelu,

Unisamehe kwa kutoanza na salamu. Nikianza nazo nitakosa ujasiri. Wale twiga wa mbao wa Baba waliopasuka, ni mimi niliyewapasua. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Shangazi? Kifua chako kinaendeleaje? Mvua imefika huko Voi, au bado mnaangalia mawingu tu? Sisi tu wazima, ila Baba hali chakula vizuri.

Najua alikuandikia kuhusu oda ya twiga kumi na wawili wa duka la watalii mjini, oda yake ya kwanza tangu Krismasi. Kibanda chake na wachongaji wenzake huko Kariokor kinavuja, kwa hiyo aliwaleta nyumbani akawafukia katika magunia ya vumbi la mbao ili wakauke polepole. Wewe umezaliwa kwa wachongaji, unajua mti mbichi hauharakishwi.

Jumatatu moja mwezi uliopita, nikifagia, niliona mmoja aliyechomoza guniani amepasuka shingo. Nilikaa chini. Matokeo yangu ya mtihani ni mabaya, kazi sijapata, na sasa hili. Nikajiambia hasara imeshaingia, haiwezi kuzidi hapo. Mwenye duka alikuwa aje Ijumaa, na wale wengine bado walikuwa na unyevu. Mama alikuwa kanisani. Niliwatoa nikawapanga kando ya jiko, ili angalau hao kumi na mmoja wawahi, nikaenda kufua.

Niliporudi nilisikia ta! ta! kama mahindi yanayokaangwa. Wote kumi na mmoja, Shangazi. Niliwarudisha kwenye magunia, nikanyamaza.

Baba alipowafukua alimgeuza kila mmoja mkononi. Kesho yake nilimpelekea chakula kibandani, nikamkuta amesimama mbele ya Mzee Patrobas, rafiki yake anayemchagulia magogo tangu mimi sijazaliwa.

"Patrobas, mti huu nilipewa na wewe au na shetani?" Baba aliuliza.

"Aa, Muindi! Mti wangu hauna neno. Labda wewe umeupika kama githeri!"

Wachongaji wote walicheka. Mimi niliitazama sufuria niliyoshika. Baba alimwita mwongo na mwizi, pale pale mbele ya watu.

Hapo nilikosea tena, na kwa wazo lile lile. Niliona urafiki umeshavunjika, kunyamaza kwangu hakutaongeza kitu. Kumbe kunaongeza kila siku. Sasa hakuna anayechukua gogo kwa Mzee Patrobas. Mkewe, Mama Kezia, ameacha kwaya kwa sababu ya minong'ono. Jumapili iliyopita alinishika mkono nje ya kanisa, akaniuliza kama nimepata kazi, akasema ananiombea. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi hii wazee wa kibanda watakaa waamue kama Mzee Patrobas atolewe. Ana miaka sitini na mbili. Akitoka na jina hilo, hakuna kibanda kitakachompokea.

Nimeamua kumwambia Baba Ijumaa, akishamaliza chai. Naogopa. Ataniuliza kwa nini nilimwacha amtukane rafiki yake.

Mama anakusalimu sana, ingawa hajui ninachoandika. Msalimie Baba Nzivo, na Nzivo mwenyewe umwambie nimefurahi kusikia ameingia darasa la nne. Mungu akae nanyi nyumbani humo, akupe pumzi nyepesi.

Barua hii itakufikia Jumatano. Nakuomba usimwambie mtu, wala usimpigie Baba simu. Najua ungenisemea vizuri kuliko nitakavyosema mwenyewe, lakini ni mimi niliyenyamaza. Ila Jumamosi ikipita ukasikia Mzee Patrobas ametolewa, ujue nimeshindwa tena kufungua mdomo. Hapo usinifichie.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda,
Koki